Kisu Kikali, Mwalimu Mkali: Kuchagua Neno la Kiingereza kwa Akili ya Kiswahili

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya walimu wa Kiingereza na wanafunzi wa ualimu tuliokutana Morogoro. Wengi waliokosa nafasi ya kufika wameniomba niyaandike yote, nami nimeyaacha karibu kama nilivyoyatamka.

Walimu wenzangu, na ninyi wanangu mnaojiandaa kushika chaki, hamjambo? Walionizidi umri, shikamooni.

Nianze na binti mmoja. Jina lake sitalitaja, wala hoteli aliyokuwa akijifunzia kazi sitaitaja. Nilimfundisha kidato cha tatu na cha nne, na alikuwa mmoja wa wale wanaobaki darasani wenzao wakishatoka. Alipomaliza akapata nafasi mapokezi, kwenye hoteli ya ufukweni. Asubuhi moja akapita mama mmoja mgeni aliyejipulizia manukato mazuri. Binti yule, kwa moyo mweupe kabisa, akataka kumwambia, "Mama, unanukia." Akalitafuta neno kichwani, akalipata, akasema: "Madam, you smell."

Mnacheka. Mimi sikucheka aliponisimulia, kwa sababu alikuwa akilia. Mgeni alikwenda kulalamika, na binti akaondolewa mapokezi akapelekwa kufua mashuka mpaka muda wake ulipokwisha.

Sasa niwaulize. Je, alikosea msamiati? Hapana, "smell" ni neno la harufu, lipo kwenye kila kamusi. Je, alikosea sarufi? Hapana, sentensi imenyooka. Alikosea nini basi?

Kwa Kiswahili tunatenganisha kunuka na kunukia kwa irabu moja. Mtoto wa miaka minne hawezi kumwambia bibi yake "unanuka" akimaanisha "unanukia". Kiingereza hakina irabu hiyo. Ukimwambia mtu "you smell" ukanyamaza, umemwambia ananuka. Ili anukie lazima uongeze neno, "you smell lovely", au uiache kabisa habari ya mwili wake uyasifu manukato yenyewe. Na ukienda kwenye majina, "scent" na "fragrance" yako upande wa kunukia, "odour" imeshaanza kuelekea pabaya, "stink" na "stench" ni uvundo.

Nataka mlishike jambo hili kabla sijaendelea. Binti yule aliijua tofauti! Aliijua tangu hajaanza shule. Aliijua kwa Kiswahili. Sisi tuliomfundisha ndio tuliomwambia aiache mlangoni.

Turudi nyuma kidogo. Kwa nini Kiingereza kina maneno matatu pale ambapo moja lingetosha? Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy, alivuka bahari kutoka Ufaransa akamshinda mfalme wa Waingereza huko Hastings. Kwa karne tatu hivi zilizofuata, wakubwa walizungumza Kifaransa, mkulima akabaki na Kiingereza chake, na kanisa pamoja na wasomi wakashika Kilatini. Mwaka 1362 bunge lilipoamua kwamba kesi ziendeshwe kwa Kiingereza kwa sababu watu hawakielewi Kifaransa, sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Fikirini hilo.

Ndiyo maana mnyama akiwa zizini, mikononi mwa mchungaji, ana jina la kienyeji: "cow", "sheep", "pig". Akifika mezani kwa bwana ana jina lililotoka Ufaransa: "beef", "mutton", "pork". Na ndiyo maana kuuliza kuna "ask" ya nyumbani, kuna "question" iliyopitia kwa Wafaransa, na kuna "interrogate" ya Kilatini. Kijana mmoja aliniandikia kwenye insha kwamba alipofika kijijini bibi yake "interrogated me about school". Alitaka kusema bibi alimhoji habari za shule. Mwingereza akisoma hapo anamwona bibi amekaa upande wa pili wa meza ya polisi, na taa inammulika mjukuu usoni. Mtu anayezama mtoni hupiga kelele "Help!" Hapigi kelele "Assist!" Maana ni moja, lakini pumzi ya anayezama haina nafasi ya Kilatini.

Je, jambo hili ni geni kwetu? Hata kidogo. Lugha yetu nayo ina matabaka. Sita, saba na tisa tulizipokea kutoka Kiarabu, ilhali kenda, tisa yetu ya asili, bado ipo kwa wanaoikumbuka. Mtu amekufa, amefariki, ameaga dunia, ametangulia mbele ya haki. Sasa niambieni, kuku wa jirani akigongwa na bodaboda, amefariki? Ametangulia mbele ya haki? Nani alikufundisha kwamba kuku hafariki? Hakuna. Ulisikia watu wakisema, ukajua. Mwanafunzi anayejua kwamba kuku hafariki yuko tayari kuambiwa kwamba "die" ni la wote, na "pass away" ni la marehemu ambaye unawaonea huruma waliofiwa naye.

Walimu wenzangu, sasa nifike kwenye neno linalonisumbua kuliko yote. Neno lenyewe ni kali.

Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili aliandika hivi: "Our headmaster is very sharp and very hot." Alitaka kusema mwalimu mkuu ni mkali, tena mkali sana, kwa hiyo akaandika mara mbili kwa maneno mawili aliyoyakuta kwenye kamusi. Lakini mtu aliye "sharp" ni mwepesi wa akili. Na mtu aliye "hot", wanangu, ni mtu anayevutia kimapenzi. Mtoto wa watu alitaka kueleza hofu yake, akaandika jambo ambalo lingeweza kumfikisha kwenye kamati ya nidhamu.

Tuzunguke nalo neno hili. Kisu kikali ni "sharp". Jua kali ni "hot", na likizidi ni "scorching". Mbwa mkali ni "fierce". Pombe kali ni "strong", wala si "hot", lakini pilipili kali ni "hot". Maumivu makali ni "severe", ila yakiwa ya kuchoma kama sindano yanarudi kuwa "sharp", kama kisu. Baridi kali ni "bitter", ambalo kwingine ni neno la shubiri. Ushindani mkali ni "stiff", ambalo kwingine ni neno la shingo iliyokakamaa. Mwalimu mkali ni "strict".

Mtauliza, kanuni yake ni ipi? Mwanaisimu mmoja wa Uingereza, J. R. Firth, aliyefundisha Chuo Kikuu cha London, aliandika mwaka 1957 kwamba neno utalijua kwa wenzake linaotembea nao. Hiyo ndiyo kanuni, na sisi tunaiishi. Kwa nini tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga kura? Nani alimpiga nani hapo? Ni maneno yaliyozoeana. Kwa hiyo mwanafunzi asiandike kwenye daftari "strict = kali". Aandike "a strict teacher". Aandike "a fierce dog". Neno liingie daftarini likiwa na mwenzake, kama bibi harusi anavyosindikizwa.

Tena hapohapo kwa mwalimu mkali kuna hatari nyingine. "Strict" ni mwenye kusimamia kanuni, na neno lina heshima yake. "Stern" ni wa uso usiocheka. "Harsh" anaumiza. "Cruel" ni katili. Ukimwandikia mtu barua ya kumpendekeza kazini ukasema ni "firm", umemsifu. Ukisema ni "harsh", umeifunga njia yake, na huenda ulikuwa unamfikiria mtu yuleyule mwenye tabia ileile. Mwanafalsafa Bertrand Russell alilionyesha hili kwenye redio ya BBC mwaka 1948 kwa maneno matatu: mimi ni "firm", wewe ni "obstinate", yule ni "pig-headed". Kwa kwetu tungesema: mimi nina msimamo, wewe ni mbishi, yule ana kichwa kigumu. Watu watatu, tabia moja. Kilichobadilika ni nani anazungumza na anampenda nani.

Ndiyo maana nawasihi sana kuhusu orodha za visawe. Siku hizi kijana anabonyeza neno kwenye simu, anapata visawe ishirini, anachagua kirefu kuliko vyote. Mtu aliyezipa umaarufu orodha hizo alikuwa daktari wa London, Peter Mark Roget. Aliichapisha kazi yake mwaka 1852 akiwa na miaka 73, baada ya kuianza tangu 1805. Aliyapanga maneno katika mafungu 1,000, yale ya maana zinazokaribiana pamoja. Lakini hakuweka maana ya neno hata moja! Alimwandikia mtu ambaye maneno hayo anayajua tayari, ila moja limemponyoka ulimini. Sisi tunampa orodha hiyo mtoto ambaye hajawahi kukutana na maneno hayo, halafu tunashangaa anapoandika kwamba mama yake amepika chakula "sumptuous", neno la karamu ya kifahari, cha ugali na mlenda.

Na hapa niwaambie wale wenzetu wachache waliotoka Bujumbura na Bukavu, ninyi mna mtihani wa ziada. Kijana mmoja wa Burundi aliandika barua ya kuomba nafasi ya masomo, akaanza: "I demand a scholarship." Kwa Kifaransa "demander" ni kuomba, tena kwa adabu. Kwa Kiingereza "demand" ni kudai ukiwa umeshika kiuno. Hakujibiwa.

Sasa niwapeleke mahakamani. Kabla ya ualimu nilifanya kazi miaka minne kama karani katika mahakama moja ya wilaya, na karani ndiye aliyekuwa mkalimani. Mahakama za mwanzo zilikuwa zikiendesha mambo yake kwa Kiswahili, lakini kuanzia wilaya kwenda juu shahidi alisema Kiswahili na hakimu akaandika Kiingereza, kwa mkono wake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka mwaka 2021 sheria ilipobadilishwa na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Miaka yote hiyo, kati ya kinywa cha shahidi na kalamu ya hakimu, neno lilivuka mto. Mara nyingine mtumbwi nilikuwa mimi.

Mzee mmoja alisimama kizimbani akasema, "Nilimpiga fimbo." Nikatafsiri haraka: "I beat him with a stick." Hakimu akaandika. Mwendesha mashtaka akasimama akauliza kwa Kiingereza, "For how long did you beat him?" Nikamgeuzia mzee: ulimpiga kwa muda gani? Mzee akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Muda gani? Fimbo moja ina muda?"

Nilihisi damu imenikimbia. "Hit" ni pigo, laweza kuwa moja tu. "Beat" ni kupiga na kupiga na kupiga. Mzee alikuwa amekiri fimbo moja, na mimi kwa kinywa changu nilimfanya amtwange mtu. Nikaomba ruhusa ya hakimu, nikasema nimekosea, akafuta akaandika upya. Lakini niliporudi nyumbani usiku ule niliwaza: ni wangapi nimewapitisha bila kugundua? Ni mashahidi wangapi hawakuulizwa swali la pili? Mpaka leo sina jibu, na ndiyo sababu nasimama mbele yenu.

Chukueni na neno kuiba. Mtu akisema "nimeibiwa", mwanafunzi wetu anasema "I was stolen." Maana yake amebebwa yeye mwenyewe akaondoka begani mwa mwizi! "Steal" hufuata kitu, "rob" hufuata mtu. Simu yangu ni "stolen". Mimi ni "robbed". Na bado hatujamaliza, kwa sababu mbele ya sheria "steal" ni wizi, "rob" ni unyang'anyi, kuna nguvu au tishio ndani yake. Kwa sheria yetu ya makosa ya jinai, wizi wa kawaida kifungo chake ni hadi miaka 7. Unyang'anyi wa kutumia silaha hauna chini ya miaka 30. Kati ya neno na neno imo miaka ya mtu. Kiswahili kinasema kuibiwa na kunyang'anywa, na kila muuza genge anajua lipi lilimpata. Mfundisheni aanzie hapo.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya wapenda lugha tu. Nawajibu kwa habari mbili za ndege.

Tarehe 27 Machi 1977, kisiwani Tenerife, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747, moja ya Uholanzi na moja ya Marekani, zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia, na ukungu umetanda. Rubani msaidizi wa ndege ya Uholanzi akasema redioni, "We are now at takeoff." Wao walikuwa wameshaanza kukimbia. Mwongozaji wa mnarani akaelewa kwamba wamesimama mahali pa kurukia, wanangoja ruhusa. Sababu za ajali ile zilikuwa nyingi, neno hilo likiwa mojawapo. Walikufa watu 583. Baada ya hapo utaratibu ukabadilishwa: neno "takeoff" litamkwe tu pale ruhusa ya kuruka inapotolewa au inapofutwa. Kwingine kote waseme "departure", yaani kuondoka. Maneno mawili ambayo mwanafunzi wako angeyaandika kuwa visawe, na leo marubani wa dunia nzima wamekatazwa kuyabadilishana.

Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Avianca kutoka Colombia ilizungushwa angani kwa zaidi ya saa moja ikisubiri kutua New York. Mafuta yakawa yanakwisha. Marubani, wenye Kihispania chao, waliomba "priority", wakasema mafuta yanaisha. Neno "emergency", yaani dharura, hawakulitamka. Kwa waongozaji, "priority" lilikuwa ombi la kutangulizwa, na "emergency" ndilo lingewafungulia anga yote. Ndege ilianguka Long Island, na kati ya watu 158 walikufa 73.

Nikiwa njiani kuja hapa tulifuatana na lori la mafuta, nyuma limeandikwa "Highly inflammable". Nilimwuliza kijana niliyekaa naye kwenye basi, maana yake nini? Akasema, haishiki moto, kwa sababu "in" mbele ya neno ni kukanusha. Hapana, mwanangu! "Inflammable" na "flammable" yote mawili ni kitu kinachoshika moto haraka. Ile "in" imetoka kwenye neno la Kilatini la kuwasha. Huko Marekani, tangu miaka ya 1920, wataalamu wa kuzuia moto walihimiza watu waandike "flammable" ili asije mtu akadanganyika kama kijana yule. Neno fupi lilichaguliwa kwa ajili ya usalama.

Sasa niseme lililonileta. Mnawafundisha watoto ambao lugha yao imewazoesha kuchagua. Kiingereza kina "wash", basi. Sisi tunaosha vyombo, tunafua nguo, tunanawa mikono, tunaoga mwili, na kwa ibada tunatawadha. Kiingereza kina "rice". Sisi mpunga uko shambani, mchele uko gunia, wali uko sahani. Kiingereza kina "borrow". Sisi ndoo na jembe tunaazima, fedha tunakopa. Mtoto wa namna hii unamwambiaje kwamba hana akili ya visawe?

Lakini nimepita kwenye shule nyingi, na nimeona vibao vinavyokataza Kiswahili, na nimeona mtoto amevishwa kipande cha ubao shingoni kwa sababu ametamka neno la mama yake. Nasema wazi, mnisamehe wenye vibao hivyo: mnamnyang'anya mtoto chombo cha kazi, halafu mnamlaumu hajui kazi. Nimelitumia neno kunyang'anya kwa makusudi. Hamumwibii. Anaona mnavyochukua.

Binti wa hoteli angeulizwa na mwalimu wake, kwa Kiswahili, "Kunuka na kunukia vina tofauti gani, na Mwingereza anaitenganishaje?", asingefua yale mashuka. Nilikuwa mimi mwalimu wake. Sikumwuliza.

Kwa hiyo Jumatatu, kipindi cha kwanza, ninawaomba mwandike ubaoni neno moja tu, PIGA. Muwaachie watoto waseme. Watawapa piga kofi, piga teke, piga ngumi, piga fimbo, piga hodi, piga kelele, piga makofi, piga mbizi. Yule mtulivu wa nyuma atawapa piga moyo konde. Waacheni mpaka upande wa kushoto wa ubao ujae Kiswahili. Ndipo mgeukie upande wa kulia muanze pamoja, kofi ni "slap", teke ni "kick", ngumi ni "punch", hodi ni "knock". Mkifika kwenye fimbo, waulizeni kwanza ilikuwa moja au nyingi.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.